Tiba ya Mitambo ya Michezo: Habari za Bodi za Kale na Mafundi Wake

Kila kitu kilichofanywa kwa mikono ya watu kina ujana wake, uzee wake na maradhi yake. Jahazi huoza mbao, nyumba huota ufa, saa hupoteza majira. Lakini vyombo vya umeme vina ugonjwa wa namna ya peke yake, kwa kuwa vyaweza kufa bila ya kuonyesha jeraha. Bodi ya saketi iliyolala juu ya meza, safi kwa rangi na nzima kwa umbo, yaweza kuwa maiti. Na nyingine iliyojaa vumbi na kutu yaweza kuwa hai. Jicho peke yake halitoshi kuhukumu. Kwa sababu hiyo, elimu ya kutafuta kasoro katika bodi za kale za michezo ya sarafu ilikua ikawa sanaa kamili, yenye kanuni zake, zana zake, na mabishano yake juu ya haki na batili.

Habari za michezo hiyo zimeandikwa mara nyingi kwa upande wa wavumbuzi na wenye mali. Yameelezwa majina ya waliobuni, hesabu za fedha zilizokusanywa, na namna vijana wa Marekani na Japani walivyosimama mbele ya makabati yenye kioo chenye kung'aa. Upande wa fundi umetajwa kwa uchache. Hata hivyo, mchezo ule ulioingizwa sokoni mwaka 1972 au 1980 hauwezi kuchezwa leo katika mtambo wake wa asili ila kwa kuwa mtu fulani alikaa na bodi iliyokwisha nyamaza, akaiuliza maswali kwa utaratibu hata ikajibu. Historia ya bodi hizi ni historia ya tiba yake pia.

Inafaa kuanza na Pong. Kampuni ya Atari iliundwa katika jimbo la California mwezi Juni 1972 na Nolan Bushnell pamoja na Ted Dabney, watu ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamekwisha tengeneza mchezo wa Computer Space. Fundi mhandisi kijana, Allan Alcorn, alipewa kazi ya kutengeneza mchezo mwepesi wa mpira wa meza, na aliyempa kazi ile aliikusudia kuwa zoezi tu. Zoezi likawa bidhaa. Mtambo wa kwanza wa majaribio uliwekwa katika baa ya Andy Capp's mjini Sunnyvale, na watu waliupenda mno. Baada ya muda mfupi ikaja habari kwamba mtambo umeharibika. Alcorn alikwenda kuutazama, akafungua kabati, akaona kwamba bodi haina neno. Chombo cha kupokelea sarafu kilikuwa kimejaa pomoni hata sarafu zikakaba njia, na mtambo haukuweza tena kutambua fedha iliyotiwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa kuchekesha, na watu hukitaja kama dalili ya utajiri uliokuwa ukija. Kwa fundi kina maana nyingine. Ndani yake imo kanuni ya kwanza ya uganguzi wa mitambo: anza nje uingie ndani, anza na jambo jepesi kabla ya jambo gumu, wala usiituhumu akili ya mtambo kabla hujauchunguza mdomo wake. Mafundi wengi wa zama zilizofuata walipoteza siku kwa kung'oa vipande vizima kutoka katika bodi isiyo na kosa, ilhali kosa lilikuwa katika swichi, au waya uliokatika, au umeme uliofika ukiwa pungufu. Haraka haraka haina baraka, na mahali penye vipande kadha wa kadha vilivyofanana, haraka ni msiba.

Bodi ya Pong yenyewe ilikuwa ya ajabu kwa mtu aliyezoea tarakilishi za leo. Haikuwa na prosesa wala programu. Hapakuwa na orodha ya maagizo iliyosomwa hatua kwa hatua. Mchezo wote ulikuwa umefumwa kwa waya na chipu ndogo za mantiki, za jamii ile iliyotolewa na kampuni ya Texas Instruments katika miaka ya 1960 na kujulikana kwa tarakimu za 7400. Chipu moja huhesabu, nyingine hulinganisha, nyingine hukubali au kukataa. Mpira haukuwa kitu kilichokumbukwa mahali fulani. Ulikuwa ni wakati tu, yaani ile nukta ya muda ambapo hesabu mbili zililingana na mwali wa televisheni ukaruhusiwa kuwaka. Kwa hiyo kosa katika bodi ya namna hii lilikuwa na anwani. Ikiwa tarakimu za ushindi hazionekani, fundi alijua ni kundi gani la chipu linalozichora. Ikiwa mpira hauruki unapogonga ukuta, alijua ni mlango gani haufunguki. Ugonjwa ulikaa mahali pamoja, na dalili ikamwelekeza tabibu huko.

Chipu za aina hii hutumia umeme wa volti 5, na hunena kwa maneno mawili tu. Volti iliyo chini ya 0.8 husomwa kuwa sifuri, na iliyozidi 2.0 husomwa kuwa moja. Kati ya mipaka hiyo hapana lugha, ni kigugumizi. Chipu iliyokufa yaweza kushikilia neno moja daima, likiwa sifuri au moja, hata ikiulizwa nini. Nyingine hukatika ndani, isitoe neno lolote, na chipu inayoisikiliza huchukua kimya kile kuwa ni moja, kwani ndiyo tabia ya jamii hii. Nyingine ni mbaya zaidi: hunena kweli ikiwa baridi na kukosea ikipata joto, hata mtambo ukafanya kazi vyema asubuhi na kuharibika jioni. Kwa ajili ya kusikiliza maneno haya, fundi alihitaji mita ya umeme, kalamu ya mantiki yenye taa ya kuonyesha sifuri na moja, na ikiwezekana oskiloskopu, chombo kinachochora umbo la umeme juu ya kioo. Alihitaji pia mchoro wa saketi, maana kusikiliza bila kujua nini kilipaswa kusemwa ni sawa na kusikiliza kesi kwa lugha usiyoielewa.

Palikuwa na hila za mikono zilizorithishwa kutoka kwa fundi hadi fundi. Mojawapo ni kupandisha chipu nzima juu ya chipu inayotuhumiwa, mguu juu ya mguu, bila ya kung'oa kitu. Ikiwa ya chini imekatika ndani, ya juu hunena badala yake, na kioo hurudi katika hali yake. Nyingine ni kugusa kwa kidole, kwa sababu chipu iliyoungana ndani mara nyingi huwa na joto kupita wenzake. Na chipu ikithibitika kufa, fundi mwenye busara haing'oi kwa nguvu. Huikata miguu mmoja mmoja, akaondoa mwili, kisha akayeyusha lehemu na kutoa kila mguu kwa upole, akaweka soketi mahali pake. Chipu hupatikana nyingine, bodi haipatikani. Mtu aliyeokoa chipu na kuchana njia za shaba za bodi ameokoa kofia akapoteza kichwa.

Pong ilikuwa na kasoro moja ambayo haikuponywa, na hiyo ina mafunzo yake. Vipande vya kupigia mpira havikuweza kufika mpaka juu kabisa ya kioo, kwa sababu saketi nyepesi iliyotumika haikuruhusu. Alcorn angaliweza kuirekebisha. Aliiacha, kwa kuwa aliona kwamba bila ya upenyo ule wachezaji wawili mahodari wangaliendelea kurudishiana mpira bila ya mwisho. Basi fundi wa baadaye aliyeona pengo lile na kudhani ni ugonjwa alikuwa anataka kutibu umbo la mgonjwa badala ya maradhi yake. Tangu mwanzo, kwa hiyo, swali la fundi halikuwa tu "Kitu gani hakifanyi kazi?" bali pia "Kitu hiki kilikusudiwa kifanye nini?" Hilo la pili ni swali la mwanahistoria.

Mwaka 1975 mambo yalibadilika. Kampuni ya Midway ilitoa nchini Marekani mchezo wa Gun Fight, uliotokana na mchezo wa kampuni ya Taito ya Japani, na ndani yake iliwekwa prosesa ya Intel 8080. Mwaka 1978 Taito yenyewe ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado, kwa prosesa hiyo hiyo. Tangu hapo mchezo haukufumwa tena kwa waya, uliandikwa. Prosesa ilisoma maagizo kutoka katika chipu za kumbukumbu ya kudumu, ikaandika na kufuta katika chipu za kumbukumbu ya muda, na mazungumzo yote yakapita katika njia za pamoja: waya 16 za kutaja anwani na waya 8 za kupeleka habari.

Mabadiliko haya yaliwafaa watengenezaji na kuwataabisha mafundi. Katika bodi ya zamani chipu moja ikifa, jambo moja huharibika. Katika bodi mpya chipu moja, au waya mmoja kati ya zile za pamoja, waweza kunyamazisha kila kitu, kwa kuwa wote wanatumia njia moja. Ni mithili ya mji wenye daraja moja: likivunjika, hapana ajuaye nani mzima ng'ambo na nani mgonjwa. Prosesa ikisoma agizo moja la uongo hupotea njia, na ikipotea njia kioo hujaa takataka zisizo na maana, au mtambo hujianzisha upya kila mara. Bodi nyingi ziliwekewa saketi ya ulinzi, ambayo kazi yake ni kuiamsha prosesa tena ikiwa haikupeleka ishara ya uzima kwa wakati. Saketi hiyo ilipokuwa ikiamsha na kuamsha bila kukoma, fundi mgeni alidhani saketi ndiyo mbovu, kumbe ilikuwa ikipiga mayowe kwa ajili ya mwingine.

Hivyo pakahitajiwa mpango wa kufuatwa bila ya kuruka hatua. Kwanza umeme: je, volti 5 zafika kwenye chipu yenyewe, si kwenye mlango wa bodi tu? Prosesa ya 8080 ilitaka volti za aina tatu, yaani 5, 12 na 5 za hasi, na ikikosa moja haikufanya kazi. Pili mapigo: je, kristali inayotoa majira ya bodi inapiga? Tatu, je, prosesa imeachiwa kuanza kazi, au inashikiliwa? Nne, je, waya za anwani na za habari zinacheza zote, au pana waya mmoja uliokwama? Ndipo zifuate kumbukumbu. Fundi aliyeufuata mpango huu aliweza kwenda polepole na kufika; aliyeuvunja alizunguka.

Hata katika takataka za kioo palikuwa na maandishi kwa ajili ya msomaji aliyejua kusoma. Picha ya Space Invaders ina nukta 256 kwa 224, kila nukta ikikumbukwa kuwa imewaka au haikuwaka, na nukta nane hukaa pamoja katika neno moja la kumbukumbu. Picha nzima huchukua maneno 7,168. Basi chipu moja ya kumbukumbu ikiharibika, kosa halitawanyiki ovyo: hujirudia kila baada ya nukta nane, likawa mistari iliyopangika. Fundi alihesabu mistari, akatazama mchoro, akajua ni chipu ipi kati ya nyingi zilizofanana. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwa mwenye elimu hata idadi ya mawingu ina maana.

Mchezo huo huo watoa mfano mwingine wa kasoro iliyogeuka kuwa sifa. Maadui 55 walipokuwa wote hai, prosesa ilichelewa kuwasogeza, kwa kuwa zamu ya kila mmoja ilibidi ingoje wengine. Kadiri mchezaji alivyowapunguza, waliosalia walikwenda mbio zaidi. Nishikado aliliona jambo hili akaliacha, na mbio zile za mwisho zikawa ndiyo roho ya mchezo. Mtu anayeutengeneza upya mchezo huo katika tarakilishi ya siku hizi, yenye nguvu kupita kiasi, hana budi kuubuni tena udhaifu ule kwa makusudi. Bila udhaifu, mchezo si ule.

Wakati huo huo elimu ya vipimo nayo ilipiga hatua. Mwaka 1977 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa chombo cha 5004A kilichosoma saini za umeme. Mlolongo mrefu wa sifuri na moja unaopita katika waya hutiwa katika mashine yenye nafasi 16, ukasokotwa, na mwisho ukatoa alama nne tu. Watengenezaji wake walichagua tarakimu zote kumi na herufi sita, A, C, F, H, P na U, ili zisomeke bila kuchanganyika katika vioo vidogo vya vipimo. Mtengenezaji wa bodi huandika katika kitabu chake saini ya kila mahali pa bodi nzima; fundi hugusa mahali pale pale katika bodi mgonjwa na kulinganisha. Kosa la nasibu kupita bila kutambuliwa ni kama mara 1 katika 65,536. Atari ilitoa kisanduku chake cha kupimia kwa ajili ya mafundi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Fluke ilitoa chombo cha 9010A, kilichochomekwa mahali pa prosesa yenyewe na kuziuliza kumbukumbu moja baada ya nyingine. Kwa mara ya kwanza fundi aliweza kutafuta kosa bila ya kuufahamu mchezo. Hiyo ilikuwa neema, na ilikuwa hasara pia. Kwa kuwa palipokosekana kitabu cha saini, fundi aliyezoea kulinganisha tu alibaki mikono mitupu, na yule mkongwe aliyejua kwa nini kila waya upo ndiye aliyeendelea na kazi.

Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa Japani kiliweka kawaida moja ya kiunganishi cha bodi, chenye miguu 56, inayojulikana kwa jina la JAMMA. Kabla ya hapo kila kampuni ilipanga waya zake ipendavyo. Baada ya hapo fundi aliweza kuwa na meza moja ya majaribio na kuchomeka humo bodi za watu mbalimbali.

Aina ya tatu ya kasoro haina dawa ya lehemu, nayo ni kasoro ya fikra. Katika Pac-Man, mchezo wa kampuni ya Namco uliobuniwa na Toru Iwatani na kutolewa mwaka 1980, hesabu ya hatua za mchezo hukaa katika neno moja lenye nafasi nane, ambalo haliwezi kuzidi 255. Mchezaji afikapo hatua ya 256, hesabu ya matunda yanayochorwa chini ya kioo hurudi kwenye sifuri, programu ikadanganyika, ikachora matunda 256 badala ya machache, na nusu ya kulia ya kioo ikavurugika isichezeke. Katika Donkey Kong ya kampuni ya Nintendo, ya mwaka 1981, muda wa kila hatua hupatikana kwa kuzidisha namba ya hatua kwa 10 na kuongeza 40. Hatua ya 22 hutoa 260, na kwa kuwa neno haliwezi kubeba zaidi ya 255, husalia 4 peke yake. Mchezaji hufa kabla ya kufika popote. Mambo haya mawili huonekana kama ugonjwa wa chipu, wala si ugonjwa wa chipu. Bodi inatii kwa ukamilifu agizo lenye kosa. Fundi asiyejua tofauti kati ya mtumishi mgonjwa na bwana aliyekosea angaliweza kubadilisha kila kipande cha bodi na bado hatua ya 22 ikamshinda.

Uzee nao ulileta maradhi ambayo vitabu vya zamani havikuyataja. Michezo mingi iliandikwa katika chipu za kumbukumbu zinazoweza kufutwa, uvumbuzi wa Dov Frohman wa kampuni ya Intel mwaka 1971. Chipu hizo zina dirisha dogo la kioo cha kwazi, na miale ya urujuanimno ikipita humo hufuta maandishi. Kwa sababu hiyo dirisha hufunikwa kwa karatasi ya gundi. Chembe za umeme zilizoshika maandishi hazikai milele. Huvuja kidogo kidogo kwa miaka mingi, na karatasi iliyobanduka huharakisha msiba. Chipu iliyosoma kweli kwa miaka 30 yaweza siku moja kusoma herufi moja ya uongo. Nazo betri za kuhifadhi alama za ushindi, zilizolehemiwa juu ya bodi na kusahauliwa, hupasuka na kumwaga maji makali yanayokula njia za shaba. Usipoziba ufa utajenga ukuta: betri ya bei ndogo, isipotolewa kwa wakati, hula bodi isiyo na bei.

Msaada ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwezi Februari 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa programu ya MAME, inayoiwezesha tarakilishi ya kawaida kuiga kazi za bodi za kale. Wengi waliichukua kama njia ya kucheza bure, na ni kweli kwamba haki za michezo mingi bado ni mali ya kampuni zilizoitengeneza. Lakini kwa fundi faida ilikuwa nyingine. Ili kuiga bodi, ilibidi yanakiliwe kwa uaminifu yaliyomo katika kila chipu ya kumbukumbu, na kila nakala iwekewe hesabu yake ya kuithibitisha. Fundi akawa na daftari la kulinganishia: asoma chipu yake, atazama hesabu, ajua mara moja kama imesahau hata herufi moja. Kilichoanzishwa ili kuiga bodi kikawa chombo cha kuiponya.

Jambo zito kuliko yote lilizuka katika mitambo iliyotengenezwa ili ife. Mchezo wa Street Fighter II wa kampuni ya Capcom, uliotolewa mwaka 1991, ulinakiliwa na walanguzi kwa wingi mno. Bodi ya CPS-2 ilipotolewa mwaka 1993, kampuni ilikuwa imejikinga. Programu iliandikwa kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa kuyasoma ukawekwa katika kumbukumbu inayoishi kwa nguvu ya betri ndogo. Mwizi akifungua bodi na kukata betri, ufunguo hupotea. Lakini betri haijui mwizi na mwenye mali. Baada ya miaka kadhaa huisha yenyewe, na siku hiyo bodi iliyonunuliwa kwa halali, isiyoguswa na mtu, huonyesha kioo cha rangi moja tu. Mafundi waliiita betri ya kujiua, na jina hilo lilikuwa na ghadhabu ndani yake.

Hapa pana mashindano ya haki mbili. Kampuni ilikuwa na haki ya kulinda jasho lake, na hasara iliyoipata kwa walanguzi haikuwa ya kuwaziwa. Mwenye bodi naye alikuwa na haki ya kukitengeneza kitu alichokinunua, na vizazi vijavyo vina haki ya kuiona kazi ya waliotangulia. Wenye mitambo ya kale ya mbao na chuma walizoea kwamba kitu huharibika kwa kutumika. Huyu aliharibika kwa kukaa. Katika bodi nyingine fundi alitafuta jambo lililokwenda kinyume na kusudi la mtengenezaji. Katika hii, kifo ndicho kilichokuwa kusudi, na kuponya kukawa ni kumpinga mtengenezaji.

Mapambano yalichukua miaka mingi. Mwezi Januari 2001 kundi la CPS-2 Shock lilifaulu kupata maandishi yaliyofunguliwa, kwa kuifanya bodi iliyo hai yenyewe iyatoe. Hapo bodi zilizokufa ziliweza kufufuliwa kwa kuwekewa chipu zenye programu isiyo ya siri. Lakini bodi iliyofufuliwa hivyo si ileile, imebadilishwa viungo. Mwanzoni mwa mwaka 2007 wachunguzi, Salmoria akiwa mmoja wao, walikamilisha kuifahamu hesabu yenyewe ya siri. Na mwaka 2016 ilipatikana njia ya kuurudisha ufunguo wa asili katika bodi kwa chombo kidogo cha bei rahisi, bila ya kubadilisha chipu hata moja. Iliyokuwa imekufa kwa amri ya mtengenezaji ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Wakati huo hapakuwa tena na mlanguzi wa kuogopwa, kwani soko la bodi zile lilikuwa limekwisha. Ulinzi ulikuwa umeishi kuliko kitu ulichokilinda.

Siku hizi michezo hii imeingia katika nyumba za makumbusho. Jumba la sanaa za kisasa la New York lilipokea Pac-Man mwaka 2012, na mwaka uliofuata likaongeza Pong, Space Invaders na nyinginezo. Jumba la Strong mjini Rochester lina makabati ya asili katika mkusanyo wake. Wahifadhi wanakabiliwa na swali ambalo fundi wa baa alilijibu kwa haraka: je, chipu iliyokufa ibadilishwe kwa mpya ili mchezo uchezwe, au iachwe ili bodi ibaki kama ilivyo? Anayebadilisha kila kitu huhifadhi mchezo na kupoteza ushahidi. Asiyebadilisha lolote huhifadhi ushahidi wa kitu ambacho hakuna tena anayejua kilifanya nini. Wenye busara wameshika njia ya kati: hutengeneza kwa uchache unaowezekana, huweka soketi ili kazi yao iweze kurudishwa nyuma, huandika kila walichogusa, na vipande vilivyotolewa huvitunza katika bahasha pamoja na bodi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Maneno hayo yanaelekea kwa mgonjwa, lakini katika habari hizi yanaelekea kwa mtengenezaji pia. Mitambo iliyotolewa pamoja na mchoro wake na kitabu cha saini zake hutengenezwa hata leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipouzwa. Mitambo iliyofichwa siri zake ilihitaji zaidi ya miaka 20 ya juhudi za watu wasiolipwa ili irudi kunena. Tofauti kati ya hizo mbili haikuwa katika ubora wa chipu wala wa lehemu. Ilikuwa katika uamuzi wa mtu mmoja au wawili, mezani, juu ya nani atakayeruhusiwa kujua.